Mwalimu Aliyesikia kwa Miguu

Kabla hajaandika neno lolote ubaoni, Mwalimu wa Fizikia alivua katambuga zake, zile ndara za tairi la gari. Alizivua akiwa bado kwenye saruji, akaziweka kando ya ukuta, mbele ikitazama mlango, ndipo akapanda jukwaa la mbao kwa miguu mitupu. Kipindi kilipokwisha alishuka akazivaa, na hapo hata kama ulikuwa umenyoosha mkono, maswali yalikuwa yamefungwa. Ungeweza kumwita mpaka koo likauke. Sisi wa kidato cha tatu tuliona ni ushamba tu. Tulikuwa watoto wa mjini, wa Ngokolo na mitaa ya jirani, viatu vyetu vyeusi tulivisugua kila asubuhi, na mbele yetu amesimama msomi mzima ambaye angefaa zaidi kukanyaga udongo wa kufyatulia matofali. Siku moja tulimuuliza sababu. Akajibu, "Fizikia inaingilia miguuni. Kichwani inafika baadaye." Tukacheka, tukaiandika nyuma ya madaftari.

Simtaji jina. Waliosoma naye watamjua, na wengine hawatapungukiwa na kitu. Nimemsimulia mara nyingi kwenye misiba na harusi, mwalimu wetu wa ajabu, watu wakashika mbavu, na kila mara nimekuwa nikikatisha hadithi kabla ya kufika mahali inaponigusa mimi. Safari hii nitafika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, suti yake ya kaunda rangi ya majivu ikiwa na mifuko minne. Mfuko mmoja ulikuwa wa chaki, na chaki yenyewe aliikata vipande vinne kwa wembe. Ukimwomba nzima alikutazama kana kwamba umemwomba figo. Lakini mfuko wa pili ulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na hivyo alivigawa ovyo. Mtu aliyekunyima kipande cha chaki saa nne alikupa chakula chake chote saa sita, kisha akashinda na njaa bila kusema. Hakupiga fimbo, jambo lililotushangaza, ila alikuwa na ukali wake mmoja ambao wazazi wetu waliuchukia kuliko fimbo.

Alikataza adabu. Sisi wasichana wa Kisukuma tulilelewa kupiga goti mbele ya mkubwa, macho chini, na ukizungumza uzungumze kwa sauti ndogo na kiganja karibu na mdomo. Kwake hilo lilikuwa kosa. "Inua uso," alisema. "Simama kwenye mwanga. Toa mkono mdomoni." Wakati wa kujibu swali alikuondoa kwenye kona yako, akakusogeza mpaka dirishani, yeye akasimama huku mgongo wake ukielekea dirisha na uso wako ukiwa umemulikwa wote. Alikutazama mdomo bila kupepesa. Mama yangu aliposikia alifunga safari hadi shuleni, kitenge kipya na yote, kumuuliza kwa nini anawafundisha mabinti kuwakodolea macho wanaume watu wazima.

"Mama," Mwalimu alimwambia, "nuru nayo ni wimbi. Mtoto akiinama, wimbi lake linaishia sakafuni. Mimi nitapata nini?"

Mama alirudi nyumbani akasema yule mtu ama ana akili nyingi sana ama hana kabisa. Kilichomkera zaidi ni kwamba Mwalimu mwenyewe alimpokea kwa heshima zote, akamwamkia kwa Kisukuma, akamtolea kiti, na akamsindikiza mpaka barabarani akitembea hatua moja nyuma yake.

Somo lake la mawimbi sijaliona likifundishwa hivyo tena. Alianza na kamba ya kufungia ng'ombe. Alifunga kitambaa chekundu katikati, mwanafunzi mmoja akashika mwisho, yeye akatikisa. Nundu ikakimbia kutoka kwake hadi kwa mwanafunzi. "Kamba imekwenda?" Haikwenda. "Kitambaa kimekwenda?" Kilipanda kikashuka, kikabaki palepale. "Basi kilichosafiri ni nini?" Tulinyamaza, na alipenda tukinyamaza. Kisha alisema kinachosafiri ni habari tu. Kila sehemu ya kamba inasumbuliwa kidogo, inampa jirani usumbufu ule, yenyewe inatulia mahali pake.

Halafu alitutoa nje, akatupanga mstari mmoja kwenye uwanja, mikono juu ya mabega ya aliye mbele. Wa nyuma kabisa alisukuma mbele, na msukumo ule ukapita kwenye mabega yetu mpaka kwa wa kwanza, aliyepiga hatua moja bila kupenda. Hiyo, alisema, ndiyo sauti, na ndiyo pia wimbi la kwanza la tetemeko la ardhi. Mara ya pili wa nyuma aliyumba kushoto na kulia, nasi tukayumba mmoja baada ya mwingine. Wimbi hilo lilichelewa, na lilipofika lilituangusha nusu yetu vumbini. Hilo ndilo wimbi la pili. "Tetemeko lina adabu," alisema. "La kwanza linapiga hodi. La pili ndilo linaloingia na kuvunja vyombo. Mwenye akili akisikia hodi anatoka nje."

Jumamosi alitupeleka kwenye reli. Alihakikisha kwanza kwa mkuu wa stesheni kwamba hakuna treni, kisha akatembea na nyundo mpaka akawa mdogo kule mbele, sisi tukalala tumeweka sikio kwenye chuma. Akapiga mara moja. Tukasikia mlio mkali ndani ya reli, na baada ya kitambo kidogo ukaja mwingine, mwepesi, kutoka hewani. Pigo moja, sauti mbili. Aliporudi akiwa anahema alituuliza tumesikia ngapi. Tukajibu mbili, kwa pamoja. Akatukagua midomo, akatabasamu.

"Mna bahati," alisema. "Mimi huwa napata moja tu."

Tulidhani ni utani, kwa sababu utani wake ulikuwa hivyo, mkavu. Tulikuwa na ushahidi wote mikononi na hatukuona kitu. Majirani zake walilalamika kwamba redio yake inapiga kelele kutoka asubuhi, na ukipita nyumbani kwake ulimkuta ameketi kibarazani, kiganja kimelazwa juu ya redio, macho yamefumba. Baada ya mavuno, ngoma zinaposhindana, hakukosa hata moja. Alisimama karibu na wapiga ngoma kuliko mtu yeyote, pekupeku, na Jumatatu alikuwa mpole wa ajabu. Mbio za mwanafunzi aliyechelewa alizijua kabla mlango haujafunguliwa, na alisema ni nani. Lakini ukisimama nyuma yake ukamwambia shikamoo, hakuitikia. Tulisema anajivuna.

Niligundua nikiwa kidato cha nne. Nilikuwa wa kwanza darasani katika Fizikia na nilijua hivyo, mwendo wangu ulionyesha. Alinipa kazi ya kupanga vifaa vya maabara baada ya vipindi. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita. Yeye alikuwa juu ya jukwaa akifuta ubao, mimi niko nyuma, chupa ya kioo ikaniponyoka ikapasuka kwenye saruji. Nilifunga macho nikisubiri kugombezwa. Hakugeuka. Nikamwita. Nikamwita tena, kwa sauti ambayo ilimfanya mwanafunzi aliyekuwa nje achungulie. Aliendelea kufuta, taratibu. Nikapiga hatua, mguu wangu ukakanyaga mbao za jukwaa, naye akageuka papo hapo.

Alitazama vioo sakafuni, akanitazama usoni, akajua kwamba nimejua.

"Tangu lini, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Kabla hamjaja ninyi. Ilikuwa inapungua kidogo kidogo. Sasa imekwisha." Alisema kama mtu anayeeleza habari ya kisima. "Umekwisha kumwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

Halafu akafanya jambo ambalo lilinifurahisha kuliko zawadi yoyote niliyowahi kupewa. Alielekea ukutani, akanipa kisogo, akasema, "Piga kisigino kwenye mbao. Idadi yoyote." Nikapiga mara nne. "Nne," akasema. Nikapiga mbili. "Mbili." Nikapiga moja, polepole, kwa kuiba. Akacheka. "Moja, na ya woga."

Tangu siku ile nilikuwa sikio lake. Tulisogeza dawati langu mpaka mguu wangu wa kulia ukawa unagusa ukingo wa jukwaa. Midomo aliyoiona aliisoma mwenyewe. Mimi nilikuwa wa ile asiyoiona. Mwanafunzi akijibu wakati Mwalimu ameangalia ubao, nilipiga mara moja kama jibu ni sahihi, mara mbili kama si sahihi. Mara tatu maana yake ilikuwa: geuka, kuna mtu anakuita. Darasa zima lilisikia kisigino changu na kudhani nina tabia mbaya ya kutikisa mguu. Walinitania. Sikujali. Nilikuwa na siri na mtu mkubwa, na katika umri ule hiyo ni kama kuvikwa taji.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza kuota, katika taji lile. Nilianza kujiona kwamba bila mimi somo haliendi, jambo ambalo lilikuwa karibu na kweli, na kwamba kwa hiyo ninastahili kitu.

Muhula wa pili tuliarifiwa kwamba mkaguzi anakuja, na kwamba ataingia kwenye kipindi cha Fizikia. Mwalimu aliamua kufundisha mawimbi kwa ule mstari wa wanafunzi, humo humo darasani, na mmoja wetu asimame mbele aeleze. Wiki nzima nilijifunza maelezo yale mbele ya kioo cha mama. Nilijua wapi nitanyamaza na wapi nitatazama juu. Hakuna aliyeniambia ni mimi, ila ingewezekanaje isiwe mimi?

Asubuhi ya siku yenyewe alimchagua Nargis. Nargis alikuwa binti wa mwenye duka la vitambaa karibu na soko, msichana mpole, sauti safi, wa pili darasani kila mara na hakuonekana kuumia kuwa wa pili. Nilimfuata Mwalimu kabla ya kengele, nikasimama kwenye mwanga kama alivyotaka, nikamuuliza kwa nini si mimi.

"Wewe kaa," alisema. Mkuu wa shule alikuwa anamsubiri mlangoni, hakuwa na nafasi ya maneno. "Kazi yako leo ni kukaa."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuelewa maana yake. Nilielewa. Alikuwa ananiambia kwamba siku ile kuliko siku zote anahitaji kisigino changu. Lakini nilichagua kusikia kwamba mimi ni fanicha.

Mkaguzi aliketi nyuma kabisa, daftari gotini. Kipindi kilikwenda vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Mstari ukasukumwa, mstari ukayumba, Nargis akaeleza bila kukosea, na hilo nalo lilinichoma. Kisha Mwalimu akageukia ubao kuchora mawimbi yote mawili, la hodi na la kuvunja vyombo. Mkaguzi akanyoosha kalamu.

"Samahani, Mwalimu. Naomba ufafanue hapo."

Mguu wangu ulijiinua wenyewe kwa mazoea. Nakumbuka kabisa kisigino kikiwa hewani, juu ya mbao. Nikakisogeza kulia, nikakishusha kwenye saruji, mahali ambapo hakingesikika.

"Mwalimu," mkaguzi akasema.

Chaki iliendelea. Mtu wa dawati la tatu akaguna.

"Mwalimu!"

Sasa walikuwa wanacheka, kwanza kwa kujizuia, halafu bila kujizuia. Mimi nilitazama daftari langu. Aliyemwokoa ni Nargis, ambaye hakujua lolote kuhusu siri yetu. Alimsogelea akapunga mkono pembeni ya uso wake. Mwalimu akageuka akakuta vinywa arobaini viko wazi na mkaguzi amesimama. Hakunitazama. Aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake mwenyewe, kwa muda mrefu. Nilidhani ni aibu.

Alimalizia kipindi. Alimwomba mkaguzi asogee mbele, akamjibu vizuri. Kengele ilipolia alishuka, akaziokota katambuga zake, akaondoka amezibeba mkononi.

Wiki iliyofuata hatukumwona. Mkuu wa shule alitutangazia mstarini kwamba Mwalimu wa Fizikia ameacha kazi na tumwombee heri. Tulijua sote nani amemfukuza: mkaguzi. Tulimchukia mkaguzi yule kwa moyo mmoja, na hakuna aliyemchukia kwa bidii kuliko mimi. Nilimlaani mpaka nikaanza kuamini kwamba kosa lilikuwa lake. Nilifaulu Fizikia kwa alama za juu, na swali la mawimbi nililijibu lote.

Mwisho wa miaka ya tisini nilipata kazi na timu ya watafiti wa miamba iliyokuwa ikizunguka upande wa Geita. Kazi yenyewe ilinichekesha nilipoielewa. Mwanaume mwenye misuli anapiga nyundo kubwa kwenye bamba la chuma. Vifaa vidogo vilivyochomekwa ardhini kwa mstari vinapokea mtetemo, kimoja baada ya kingine. Mimi naandika muda. Kama mtetemo umefika haraka, chini kuna mwamba mgumu. Ukichelewa, kuna udongo au mwamba uliooza. Kila siku nilikuwa namwona mbele yangu, na kila siku nilikuwa nayafukuza mawazo hayo.

Siku moja mstari wetu ulipaswa kupita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, magharibi, njia ya kuelekea Chato. Nilitumwa kuomba ruhusa. Kiongozi wao alinipeleka kwenye kibanda cha kuhifadhia zana, sakafu yake ya mbao imeinuliwa kwa ajili ya mvua. "Barua mpe mzee," alisema, "ndiye anayesoma. Ila mshike bega kwanza, hasikii."

Nilimtambua kwa mgongo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, mabega yamepungua. Alikuwa amesimama juu ya mbao na katambuga zake miguuni. Hilo lilinishtua kuliko nywele. Nilikanyaga sakafu ile kwa nguvu, hakugeuka. Nikamshika bega.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama mdomo, halafu macho, halafu akanishika mikono yote miwili. "Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Binti wa mbele!" Alifurahi mpaka nikatamani ardhi inimeze. Aliagiza ugali na sato kwa mama ntilie, tukala kutoka sahani moja, akataka nimwambie kazi yangu. Nilipomweleza nyundo na ule mstari wa vifaa alicheka hadi akaweka tonge chini. "Kumbe wamechukua mchezo wetu wa uwanjani," akasema. "Na hakuna hata mmoja wao anayeanguka vumbini."

Tulikuwa tunanawa alipoingia mchimbaji mmoja mwenye ndevu, taa bado iko kichwani, akamtikisa bega. Alizungumza polepole, mdomo wazi, kama walivyokuwa wamezoea.

"Mzee, njoo ugonge mwamba wetu. Tangu jana unamwaga vumbi. Mtalimbo tumepiga, mwingine anasema unalia, ni mzima, mwingine anasema umebweteka, utaanguka. Wewe watu wanasema zamani, ukifundisha, ulikuwa unajua kwa kugusa tu."

"Nilikuwa," Mwalimu akasema. "Tafuteni mwenye masikio."

"Masikio tunayo. Ndiyo yanayobishana."

"Siwezi, bwana. Mtakufa kwa sababu yangu."

Yule mwanaume alitoka, akachuchumaa nje na wenzake wawili. Hawakurudi kushuka. Walikaa wakilitazama duara lao, hivyo ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, nao walikuwa na nyuso za watu wanaojua kwamba mwishowe watashuka tu.

"Kwa nini usiende?" nikamuuliza. "Miguu yako ingesema."

Mwalimu alifuta mikono yake taratibu. "Kuna jambo nimetaka kukuomba radhi miaka hii yote," akasema. "Nilikuwa sijui nitakupata wapi. Siku ile ya mkaguzi, ulinigongea."

Niliitazama sahani tupu.

"Najua uligonga mpaka kisigino kikauma. Na mimi sikupata chochote. Nilipogeuka nikaona watoto wanacheka, nikatazama miguu yangu, nikasema basi, na hii nayo imekwenda. Watu wanadhani nilifukuzwa. Hapana. Mkaguzi aliandika kwamba darasa ni zuri. Mkuu wa shule alinisihi nibaki. Niliandika barua mwenyewe. Mwalimu wa namna gani huyo, asiyesikia hata kwa miguu? Nilikuacha peke yako na kidato cha nne chako. Unisamehe."

Nilipiga goti. Niliinama kama mama yangu alivyonilea, uso chini, kiganja karibu na mdomo, nikaziambia mbao zile kila kitu: kwamba sikugonga hata mara moja, kwamba niliusogeza mguu, kwamba nilimwonea Nargis wivu. Nilisema kwa sauti, mpaka mwisho. Na wakati wote nilijua kwamba hanioni mdomo.

"Inua uso," akasema. "Tabia hiyo hujaiacha tu. Ulisema nini?"

Nikainua uso. "Nimesema shikamoo, Mwalimu."

"Si uliniamkia ulipofika?"

"Nimerudia."

"Haya. Marahaba mara ya pili." Akatabasamu, na tabasamu lile sitalisahau, kwa kuwa lilikuwa la mtu anayeniamini.

Huko nje mwenye ndevu alisimama, akaifunga taa yake vizuri kichwani, akachukua mtalimbo. Wenzake nao wakasimama.

Nikamgusa Mwalimu mkono. "Vua katambuga," nikamwambia. "Geuka ukutani."

Alinitazama, asielewe, halafu akaelewa, na woga ukampita usoni. Alikataa kwa kichwa. Nikamwomba tena. Akazivua, moja, ya pili, akaziweka kando ya ukuta, mbele ikitazama mlango. Akanipa kisogo. Nikapiga kisigino mara nne.

Alikandamiza vidole vya miguu kwenye mbao. "Nne," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikapiga mbili. "Mbili." Nikapiga moja, kwa kuiba. Mabega yake yalianza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka. "Moja," akasema. "Iko hai. Mungu wangu, iko hai."

Nikapiga tatu.

Akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa na furaha. "Nani ananiita?"

"Mimi," nikasema. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwenye mwanga wote uliokuwepo, mikono chini. "Miguu yako haikufa. Siku ile sikukugongea. Nilimsikia mkaguzi akikuita, nikaweka mguu kwenye saruji. Nilitaka uumbuke kidogo, kwa sababu ulimchagua Nargis. Na sasa hivi nilipoinama, hilo ndilo nililosema, si shikamoo."

Alilipata lote. Najua, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kufuatisha midomo ya mtu kwa midomo yake mwenyewe, na niliona maneno yangu yakipita kwake moja baada ya jingine, hadi la mwisho. Furaha ilibaki usoni pake kidogo baada ya mimi kunyamaza, kisha haikuwepo. Nilianza kumwomba msamaha. Nilisema nilikuwa mtoto, nilisema nimejuta kila siku, ambayo haikuwa kweli, si kila siku. Yeye aliinama akachukua katambuga ya kushoto, akaivaa. Nilikuwa bado nasema. Akavaa na ya kulia, akakaza ukanda wake, akapita pembeni yangu bila kunigusa.

Nje aliwaita wale wanaume wamsubiri. Walitembea pamoja mpaka kwenye duara, naye akiwa mbele. Pale mdomoni mwa duara alizivua tena, akazipanga vizuri ukingoni, akashuka kwa miguu mitupu kwenye mwamba.